Emiliana Hiza, Aliyesogeza Mstari wa Mahindi

Bi Emiliana Hiza amestaafu rasmi tarehe 31 Julai 2025, baada ya kukitumikia Kiwanda cha Unga cha Chimanlal, Korogwe, kwa miaka thelathini na minne na miezi miwili kasoro siku tatu. Hesabu ya siku tatu ni yake mwenyewe. Kwenye rasimu ya kwanza ya wasifu huu niliandika "zaidi ya miaka thelathini na minne", akanirudishia karatasi ikiwa imesahihishwa kwa kalamu nyekundu.

Kiwandani anaitwa Mama Erasto, na ndivyo nitakavyomwita.

Alizaliwa Mpale, kule milimani, mwaka 1965, akamaliza kidato cha nne, akaolewa Kwamndolwa na marehemu Matayo, fundi seremala. Juni 1991 alikuja hapa kuomba kazi ya kufagia. Mzee Chimanlal, mwanzilishi wa kiwanda, alimwambia wafagiaji wametosha, ila anahitajika mtu wa kushona midomo ya magunia. Akashona kwa miaka miwili. Siku moja aliligomea gunia lililokwisha kufika kwenye mizani, akisema linanuka mafuta ya taa. Msimamizi alinusa, hakusikia kitu. Mzee Chimanlal akanusa, naye hakusikia kitu, lakini akaagiza lifunguliwe. Katikati ya unga palikutwa kitambaa cha kufutia mashine, kimelowa mafuta ya taa. Wiki iliyofuata Mama Erasto alikabidhiwa bambo, ile sindano nene ya chuma inayochomwa kwenye gunia ili kutoa punje za ndani, akapelekwa kwenye geti la kupokelea mahindi. Hakutoka hapo tena.

Wakulima wa Korogwe na Handeni wanamfahamu kwa meno yake. Alikuwa akichukua punje tatu, anang'ata moja moja, kisha anataja unyevu. Kilipokuja kipima unyevu cha betri, wafanyakazi waliweka dau la soda. Kwa mizigo kumi alitofautiana na kipimo mara mbili tu, na baadaye ikagundulika kuwa betri ilikuwa imechoka. Daktari wa meno alimkataza kung'ata punje mwaka 2003. Akahamia upande wa kushoto.

Mwaka 2008 alipelekwa kwenye semina Handeni. Huko ndiko alikosikia kwa mara ya kwanza habari za sumukuvu: sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, ambayo hubaki hata mahindi yakikaushwa, yakisagwa na kupikwa, nayo huharibu ini na kudumaza watoto. Kilichomgusa zaidi ni maneno ya mtaalamu kwamba sumu hiyo haionekani kwa macho, haina harufu na haina ladha. Alirudi kazini kimya. Miaka mingi baadaye aliniambia sababu.

"Nilianza kuyahesabu magunia niliyoyapitisha kwa jino," alisema. "Nikashindwa kufika mwisho."

Tangu hapo alimsumbua Mzee Chimanlal mpaka vikanunuliwa vikaratasi vya kupimia sumukuvu. Kipimo kile kinaaminika, lakini ni cha taratibu: usage sampuli, uchanganye na dawa, uchovye kikaratasi, usubiri. Kiwanda kilimudu vikaratasi kumi kwa siku. Wakati wa mavuno tunapokea mizigo hadi sitini kwa siku. Mizigo hamsini iliendelea kuingia kwa macho, pua na jino.

Mimi nimeingia kwenye habari hizi Juni 2022. Bwana Dhaval Chimanlal, mjukuu wa mwanzilishi na mkurugenzi wetu wa sasa, alinunua mashine ya kukagua mahindi kwa picha, nami nikaajiriwa kuiendesha. Mahindi ya kila mzigo hutandazwa kwenye sinia, taa maalumu huwashwa, kamera hupiga picha, na programu ya kompyuta hutoa alama kuanzia sifuri hadi mia. Programu hiyo ilifundishwa kwa maelfu ya picha za mahindi ambayo majibu yake ya vikaratasi yalikwisha kujulikana. Alama ikiwa kubwa, maana yake ni kwamba programu inayashuku zaidi mahindi yale. Ikifika hamsini taa nyekundu huwaka na mzigo hurudishwa. Ikiwa chini ya hamsini huwaka ya kijani. Sinia moja huchukua dakika mbili.

Niliionyesha mashine hiyo mbele ya wafanyakazi wote kwa majivuno ya mtu aliyetoka chuo juzi. Mama Erasto alisubiri watu watawanyike.

"Hii hamsini nani kaiweka?" aliuliza.

"Imekuja hivyo, mama."

"Imekuja kutoka wapi?"

"Ni nusu tu. Kuanzia nusu kwenda juu ni mbaya, chini ya nusu ni nzuri."

"Kwa hiyo ikisema arobaini na tisa, yenyewe inaona yanaweza kuwa na sumu au yasiwe nayo, na sisi tunasaga?"

Nilimjibu kwamba mashine imejaribiwa na hupatia mara tisini na nne katika kila mia.

"Hizo sita zinazobaki," akasema, "ziko upande gani?"

Nakiri hapa mbele ya wote kwamba sikulijua jibu. Kuna kukosea kwa kukataa mahindi mazuri na kuna kukosea kwa kupitisha mabaya, na ile asilimia niliyojivunia ilikuwa imeyachanganya yote mawili kwenye kapu moja.

Siku iliyofuata alikuja na ombi. Alitaka nusu ya vikaratasi vya kila siku, yaani vitano, vitumike kupima mizigo iliyopata taa ya kijani. Nilipinga. Niliona ni kupoteza vipimo kwa mahindi yaliyokwisha kupita, wakati wakulima wenye taa nyekundu wanapiga kelele getini.

"Yaliyokataliwa tunajua yako wapi," alinijibu. "Yaliyopita yanaliwa."

Bwana Dhaval alimkubalia, nadhani kwa sababu alimzoea tangu alipokuwa akija kiwandani na kaptula ya shule. Kwa wiki nne Mama Erasto alipima mizigo ya kijani mitano kila siku, siku sita kwa wiki, na kuandika kwenye daftari alama ya mashine upande mmoja na jibu la kikaratasi upande wa pili. Jumla ni mizigo mia na ishirini. Tisa ilikuwa na sumukuvu kupita kiwango kinachoruhusiwa. Kati ya hiyo tisa, minane ilipata alama kati ya thelathini na hamsini. Wa tisa ulikuwa na kumi na mbili.

Hakupeleka daftari kwa mkurugenzi. Alipeleka punje. Alifuta meza ya ofisini, akapanga punje mia na ishirini kwa mstari kufuata alama, kutoka ndogo hadi kubwa: nyeupe kwa mizigo misafi, za njano kwa ile tisa. Kisha akakata uzi wa kushonea magunia, akaulaza mwisho kabisa, penye hamsini.

"Hivi ndivyo tulivyo leo," alimwambia. "Zote za njano zinaingia. Usogeze wewe mwenyewe, Bosi."

Bwana Dhaval aliuvuta uzi hadi arobaini. Punje tano za njano zikabaki nje, pamoja na nyeupe tisa. Akauvuta hadi thelathini. Za njano nane zikawa nje, na nyeupe ishirini na tatu. Akataka kuendelea kuifuata ile ya mwisho, iliyokuwa peke yake kule kwenye kumi na mbili.

"Hiyo iache," Mama Erasto akasema. "Ukiifuata hiyo utafunga kiwanda. Haikamatwi kwa uzi."

"Na hizi nyeupe ishirini na tatu? Nakataa mahindi mazuri ya watu ishirini na tatu ili nikamate wanane?"

"Ndiyo. Ila wale ishirini na tatu watakasirika, watapeleka kwa mnunuzi mwingine. Hawa wanane, unga wao utaingia kwenye uji wa mtoto asiyejua kukasirika."

Uzi ukabaki kwenye thelathini. Mchana huo nilibadilisha namba kwenye kompyuta. Kitaalamu tunaiita kizingiti, yeye aliiita mstari. Kuibadilisha kulinichukua chini ya dakika moja.

Ningeishia hapa, wasifu ungekuwa mtamu, lakini mwenyewe amenikataza. Alisema nikiandika ya uzi bila kuandika ya Mpale, hatahudhuria sherehe.

Septemba 2022 lilikuja lori la kwanza kutoka Mpale. Lilibeba mahindi ya kikundi cha kaya ishirini na saba, na aliyekuja nalo ni katibu wao, Paulina, mama wa makamo aliyesoma darasa moja na mdogo wake Mama Erasto. Mashine ilitoa arobaini na moja. Taa nyekundu. Kwa mstari wa zamani yangepita. Lori la pili lilipata thelathini na nane. Nyekundu tena. Paulina aliomba, dereva aliomba, hata mimi niliuliza kama hatuwezi kuangalia upya.

"Nikiwapitisha watasema nimewapitisha kwa kuwa ni kwetu," Mama Erasto alisema, akasaini karatasi za kurudisha mzigo.

Kule juu wakaanza kusema maneno. Kwamba binti wa Mpale ameshuka Korogwe akasahau alikotoka. Shemeji yake mmoja aliacha kupokea simu zake. Yeye aliendelea na kazi kama kawaida, ila wenzake wa getini waliona ameacha kula cha mchana.

Lori la tatu lilifika siku ya Alhamisi. Arobaini na nne. Paulina hakuomba safari hii. Alisimama karibu na mizani, kanga kaifunga kiunoni, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa.

"Mama Erasto, mahindi yetu yamekosa nini?"

"Mashine inayashuku, mdogo wangu."

"Umeyapima, au umeangalia taa?"

Mama Erasto aligeukia boksi tupu la vikaratasi. Ukweli ni kwamba hakuyapima. Vikaratasi vitano vilikwenda kwa mizigo ya kijani, kama alivyopanga mwenyewe, na vitano vingine vilikwishatumika tangu asubuhi. Katika malori yale matatu hakuna hata punje moja iliyochovywa.

"Nimeangalia taa," alisema.

Aliagiza lori lile lisiondoke. Kesho yake asubuhi tulipanda Mpale kwa pikipiki mbili, yeye akiwa amepakata boksi la vikaratasi ambavyo Bwana Dhaval alikuwa ameviweka akiba ya mwezi mzima. Tulipita kaya zote ishirini na saba. Kila kaya alichota mahindi yaliyobaki kwenye vihenge, akasaga kwa kinu cha mkono, akachovya, akasubiri na saa mkononi. Ilituchukua siku mbili. Kaya ishirini na sita zilikuwa salama. Moja tu ilikuwa na tatizo, na sababu ilionekana kwa macho: bati la ghala lilikuwa linavuja.

Niligundua kosa langu nikiwa nimekaa kwenye kigoda cha jikoni kwa Paulina, nikiangalia masuke yaliyoning'inizwa juu ya moto. Umande wa mlimani huyakalia mahindi ya Mpale yakiwa bado shambani, punje zinapauka na kutoka madoa ya kahawia. Hayapendezi, lakini baridi ya kule haiipendi sumukuvu. Mahindi ya bondeni yaliyopigwa na ukame ndiyo yanayoweza kung'aa huku yakiwa na sumu. Programu yangu ilifundishwa kwa picha za mahindi ya bondeni peke yake. Ilipoona madoa ya Mpale ilishuku, kama mgeni anavyoweza kushuku kila asichokizoea. Mstari wa hamsini ungewapitisha kwa bahati. Tulipoushusha, tuliwashusha nao.

Jioni ya siku ya pili wanakikundi walikusanyika kwenye ofisi ya kata. Nilitaka kueleza habari za picha na programu. Mama Erasto aliniashiria nikae.

"Mahindi yenu ni mazuri," aliwaambia. "Nilikosea. Mashine haikuwajua ninyi, lakini mimi nawajua, na nikaifuata. Niliogopa kuambiwa napendelea kwetu, nikawaonea."

Mzee Hiza Athuman, ambaye ni baba yake mdogo, alisimama kwa fimbo yake.

"Malori mawili ya kwanza tumeyauza kwa bei ya kutupa," alisema. "Samahani yako itayarudisha?"

"Hapana, baba. Hayatarudi."

"Basi umesema kweli," mzee akasema, akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi. Tulipewa chai ya mchaichai, tukashuka kabla giza halijaingia. Njiani, pikipiki yake iliposimama kupisha ng'ombe, nilimwona anajifuta uso kwa ncha ya kitenge.

Jumatatu alikuwa ofisini kwa mkurugenzi kabla ya saa mbili. Hakupeleka punje wala uzi. Alimwambia kwamba mstari mmoja hautoshi, kwa sababu unalazimisha mashine ijibu hata pale isipojua. Alitaka iwepo mistari miwili. Chini ya thelathini, kijani. Juu ya sabini, nyekundu. Katikati, taa ya njano, na kila mzigo wa njano upimwe kwa kikaratasi kabla ya mtu kuambiwa ndiyo au hapana. Vikaratasi viongezwe kutoka kumi hadi arobaini kwa siku wakati wa mavuno, na vile vitano vya kijani visiguswe.

"Vikaratasi arobaini kwa siku ni gharama, mama," Bwana Dhaval alisema.

"Ni gharama, Bosi. Hadi juzi walikuwa wanailipa watu wa Mpale."

Vikaratasi viliagizwa wiki hiyo hiyo. Lori la tatu lilinunuliwa kwa bei kamili, isipokuwa magunia ya ile kaya yenye bati linalovuja. Mimi nilipewa msimu mzima wa kukusanya picha za mahindi ya milimani, nikaifundisha programu upya. Mavuno ya 2023, Mama Erasto alirudia zoezi lake la mizigo mia na ishirini ya kijani. Safari hii ulipatikana mbovu mmoja. Mahindi ya Mpale siku hizi hupata alama kumi na kitu, ishirini na kitu. Kikundi cha Paulina kimerudi kutuuzia, kasoro kaya nne ambazo hazijarudi mpaka leo. Mama Erasto huzitaja kaya hizo kwa majina kila tunapoanza kujisifu.

Kuna mafanikio mengine ambayo siwezi kuyaacha. Amefundisha wakaguzi tisa, akiwemo Agripina anayeshika nafasi yake sasa. Alianzisha utaratibu wa kukopesha maturubai ya kuanikia kwa wakulima wa Mazinde na Handeni, na yote hurudi, kwa sababu hakuna anayetaka kukutana naye akiwa hajarudisha. Mtoto wake Erasto ni mwalimu Handeni, na wanafunzi wake wanasema naye husahihisha kwa kalamu nyekundu mpaka barua za mapenzi anazozinasa darasani. Kwenye harusi ya Bwana Dhaval, Mama Erasto alikaa meza ya familia, akaonja kila kitu, kisha akaenda jikoni kuuliza mchele umetoka ghala gani.

Mwezi Julai alikuwa likizo ya kusubiri kustaafu. Wiki ya pili ya mwezi huo Agripina alipima mizigo yake mitano ya kijani kama kawaida, akakuta mmoja mbovu. Alama ishirini na sita. Siku mbili baadaye, mwingine. Ishirini na nane. Mvua za mwaka huu zilikatika mapema bondeni, na mahindi yalionyesha hivyo. Tulikusanyika ofisini, mimi, Agripina na Bwana Dhaval, na jambo la kwanza tulilofanya ni kumpigia simu Mama Erasto. Haikupokelewa. Tukapiga tena mara tatu. Tukakaa tukitazamana kama watoto waliofungiwa nje.

Mwishowe Agripina akafungua daftari. Tulipitia mizigo yote ya wiki mbili, tukahesabu ni mibovu mingapi tutakayoikamata na ni mizuri mingapi itakayoingia kwenye kupimwa bila sababu, tukabishana mpaka chai ikapoa, kisha nikashusha mstari wa chini hadi ishirini na tano.

Saa tisa alasiri simu yangu ikaita. Alikuwa shambani Kwamndolwa, anavuna kunde.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Naona mmenipigia mara nne. Kuna nini?"

Nikamweleza.

"Mmesogeza?"

"Tumesogeza. Ishirini na tano."

"Mizuri mingapi imeingia kwenye njano?"

"Kumi na moja, mama. Yote tumeipima na imepita."

Nilisikia maganda ya kunde yakipasuka upande wa pili.

"Sasa mlikuwa mnanipigia ya nini?" akasema, akakata simu.

Mama Erasto, kwa niaba ya wafanyakazi wote wa kiwanda na kwa wakulima wasioweza kufika leo, tunakushukuru kwa kila gunia ulilolichoma bambo, na kwa kila swali ulilotuuliza tukakosa jibu. Mungu akujalie afya njema, shamba lenye mvua ya kutosha, na miaka mingi ya kula ugali usioukagua.

Yordani Mhina
Kitengo cha Maabara